John Sturges: Mhariri wa filamu aliyegeuka bingwa wa sinema za kauboi

JINA la John Sturges halitajwi sana na watazamaji wa sinema, ilhali kazi ya mikono yake inafahamika karibu kila pembe ya dunia. Aliyewahi kutazama The Magnificent Seven, filamu ya wapiganaji saba wanaokodiwa kukilinda kijiji cha wakulima dhidi ya majambazi, atawakumbuka Yul Brynner na Steve McQueen, na pengine ataweza kuupiga mluzi muziki wake. Mwelekezi aliyewakutanisha wote hao huwa mgumu kukumbukwa.

Hilo si ajabu. Sturges aliufunzwa ufundi wake katika kazi ambayo sifa yake kuu ni kutoonekana. Kabla ya kuelekeza hata filamu moja, alikuwa mhariri wa filamu: mtu anayeketi katika chumba chenye kiza, mkasi na gundi mkononi, akichagua ni vipande vipi vya mkanda vibaki na vipi vitupwe. Akiifanya kazi hiyo vizuri, mtazamaji hatajua kwamba kuna aliyeifanya.

Kutoka chumba hicho alizuka mmoja wa waelekezi mahiri zaidi wa filamu za kauboi, zile ambazo Wamarekani huziita Western. Kati ya 1949 na 1973 alielekeza zaidi ya filamu kumi za aina hiyo. Zikitazamwa kwa pamoja, zinadhihirisha funzo ambalo hakulisahau: kwamba hadithi huamuliwa na mahali inapoanzia na mahali inapokomea, na kwamba kilichoachwa nje kina uzito sawa na kilichobakizwa.

MAISHA YA AWALI

John Eliot Sturges alizaliwa Januari 3, 1910, katika mji wa Oak Park, jimbo la Illinois, karibu na Chicago. Ni mji ule ule alikozaliwa mwandishi Ernest Hemingway mnamo 1899, na majaliwa yalitaka Sturges aje kuelekeza filamu iliyotokana na riwaya ya Hemingway, The Old Man and the Sea, mnamo 1958. Alilelewa zaidi California, jimbo ambalo tasnia ya filamu ilikuwa ikikua kwa kasi.

Mnamo 1932, wakati uchumi wa Marekani ulipokuwa umezorota vibaya na kazi kuwa adimu, alipata nafasi katika studio ya RKO, ambako kaka yake alikuwa akifanya kazi katika idara ya usanifu. Hakuanza na kamera wala waigizaji. Alianza katika idara ya michoro, akishughulikia nakala za ramani za majengo ya kuigizia. Hatimaye alihamia idara ya uhariri, kwanza kama msaidizi.

Kufikia 1940 jina lake lilianza kuonekana kama mhariri kamili. Alihariri They Knew What They Wanted (1940) na Tom, Dick and Harry (1941), zote zikiwa za mwelekezi Garson Kanin, na kisha Syncopation (1942) ya William Dieterle.

SHULE YA MKASI

Ili kuelewa uzito wa malezi hayo, ni vyema kujua jinsi kazi ilivyofanywa enzi hizo. Tukio moja lilipigwa picha mara kadhaa: kwa mbali, kwa karibu, kutoka upande wa msemaji na upande wa msikilizaji. Mkanda wote huo ulirundikwa mbele ya mhariri. Ni yeye aliyeamua mtazamaji amwone nani, kwa sekunde ngapi, na ni lini ageuziwe uso wa mwingine. Mara nyingi mwelekezi alikuwa tayari amekabidhiwa filamu nyingine, na uamuzi ukaachiwa mhariri na mtayarishaji.

Mhariri basi ndiye aliyekumbana na makosa ya kila mtu. Aliona mazungumzo yaliyorefushwa bila sababu, matukio ambayo mtazamaji hangejua nani amesimama wapi, na picha za kupendeza zisizosaidia hadithi. Alijifunza pia kwamba kimya cha mwigizaji kinaweza kusema mengi kuliko ukurasa mzima wa maneno.

RKO ya miaka hiyo ilikuwa kama chuo cha ufundi huo. Robert Wise, aliyehariri Citizen Kane ya Orson Welles (1941), alipandishwa kuwa mwelekezi katika studio hiyo hiyo na kutengeneza filamu ya kauboi ya Blood on the Moon (1948). Mark Robson naye aliondoka mezani na kushika usukani. Katika studio nyingine, Edward Dmytryk na Robert Parrish walipita njia hiyo hiyo, na wote wawili baadaye walielekeza filamu za kauboi. Hata hivyo, hakuna kati yao aliyezifanya filamu hizo kuwa makao yake kama Sturges.

VITA VYAMWANDAA

Marekani ilipoingia katika Vita vya Pili vya Dunia, Sturges alijiunga na jeshi na kufikia cheo cha kapteni katika kikosi cha anga. Huko alitengeneza makumi ya filamu fupi za kuwafunza wanajeshi. Filamu ya aina hiyo haina nafasi ya mapambo. Rubani asipoelewa alichoonyeshwa, huenda akapoteza maisha.

Kazi yake kubwa zaidi vitani ilikuwa Thunderbolt, aliyoifanya pamoja na mwelekezi mashuhuri William Wyler. Filamu hiyo ilihusu marubani wa ndege za kivita za P-47 waliokuwa katika kisiwa cha Corsica mnamo 1944, wakishambulia barabara, reli na madaraja yaliyotumiwa na majeshi ya Ujerumani nchini Italia. Kamera zilifungwa kwenye ndege zenyewe, na kazi ya kupata mpangilio katika picha hizo ikawa ya uhariri zaidi kuliko kitu kingine. Watazamaji wa kawaida waliiona mnamo 1947, vita vikiwa vimekwisha.

Aliporejea, hakurudi mezani. Mnamo 1946 studio ya Columbia ilimpa filamu yake ya kwanza ya kuigiza, The Man Who Dared, na nyinginezo za bajeti ndogo zikafuata. Zilikuwa filamu za kukamilishwa upesi, ambapo mwelekezi asiyejua anachotaka angemaliza siku na fedha kabla ya hadithi. Aliyewahi kuwa mhariri alijua mapema ni picha zipi angezihitaji na zipi zingeishia kapuni.

Filamu yake ya kwanza ya kauboi, The Walking Hills (1949), ilimshirikisha Randolph Scott katika kisa cha watu wanaosaka dhahabu iliyofukiwa na mchanga wa jangwani. Muda mfupi baadaye alihamia studio ya MGM.

JANGWA KAMA UKURASA MTUPU

Kipaji chake kilianza kudhihirika wazi katika Escape from Fort Bravo (1953), iliyoigizwa na William Holden. Katika sehemu ya mwisho kundi dogo la watu limezingirwa na wapiganaji wa Kiapache katika kishimo kifupi jangwani. Wapiganaji hao wanachomeka mikuki kuzunguka kishimo hicho ili kupima umbali, kisha wanaanza kurusha mishale angani, safu baada ya safu, ikianguka ndani ya alama hizo.

Tukio hilo linatisha kwa sababu linaeleweka. Mtazamaji anajua kishimo kiko wapi, maadui wako wapi, na kwa nini kila mkuki unaochomekwa unapunguza matumaini. Waelekezi wengi wa filamu za mapigano hutegemea kelele na vumbi. Sturges alitegemea ramani: alimwonyesha mtazamaji mahali kwanza, kisha akamwachia hofu ifanye kazi yake.

MCHANA MBAYA WA BLACK ROCK

Miaka miwili baadaye alitoa filamu ambayo wahakiki wengi huihesabu kuwa bora kuliko zote alizofanya. Bad Day at Black Rock (1955) haina mashindano ya bastola barabarani wala makundi ya ng'ombe, na matukio yake ni ya 1945, enzi ya magari na simu. Walakini mifupa yake ni ya filamu ya kauboi: mgeni anafika katika mji mdogo wa jangwani, na mji hautaki aulize maswali.

Mgeni huyo ni Macreedy, mwanajeshi wa zamani mwenye mkono mmoja, aliyeigizwa na Spencer Tracy. Garimoshi linasimama Black Rock kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne, naye anashuka akimtafuta mkulima Mmarekani mwenye asili ya Japani kwa jina Komoko. Hakuna anayetaka kueleza aliko. Taratibu inafichuka kwamba Komoko aliuawa na wenyeji mara tu baada ya Wajapani kushambulia Pearl Harbor mnamo Desemba 1941, na kwamba mji mzima umeificha siri hiyo. Macreedy amebeba nishani ya mwanawe Komoko, aliyekufa nchini Italia akiokoa maisha yake.

Haikuwa hadithi rahisi kusimulia Marekani ya wakati huo. Vitani, serikali ya nchi hiyo iliwakamata na kuwafungia kambini watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani, wengi wao wakiwa raia waliozaliwa nchini humo. Taifa hilo liliomba radhi kwa njia ya sheria mnamo 1988 tu. Sturges, mtayarishaji Dore Schary na mwandishi Millard Kaufman walikuwa wamelizungumzia suala la chuki hiyo miaka 33 kabla.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Komoko haonekani hata mara moja. Hakuna picha ya mauaji yake, hakuna kumbukumbu inayoonyeshwa. Kuna shamba lililoteketea, kisima, na maua ya mwituni yaliyomea mahali ambapo Macreedy anatambua kuwa pana kaburi. Filamu nzima inamzunguka mtu aliyeondolewa, na pengo lake ndilo linaloushtaki mji.

Filamu hiyo inachukua dakika 81 pekee. Ilipigwa kwa mtindo wa skrini pana wa CinemaScope, ambao ulikuwa mpya na ulihusishwa zaidi na filamu za fahari zenye maelfu ya watu. Sturges aliutumia kwa utupu. Aliwapanga wanaume wachache upande huu na ule wa skrini, nafasi kubwa ikiwatenganisha, hivi kwamba mtazamaji huona ni nani yuko upande wa nani kabla hawajafungua midomo. Tukio la mkahawani, ambapo Macreedy anachokozwa na mbabe wa mji na hatimaye kumwangusha kwa mkono wake mmoja, lina nguvu kwa sababu uvumilivu umerefushwa na ghasia zikafupishwa.

Inasimuliwa kwamba ile picha maarufu ya ufunguzi, ambapo garimoshi linaijia kamera kwa kasi kutoka angani, iliongezwa baada ya studio kuona kuwa mwanzo wa awali ulikuwa umepoa. Helikopta haingeweza kulikabili garimoshi uso kwa uso bila hatari. Kwa hivyo garimoshi liliendeshwa kinyumenyume huku helikopta ikilifuata, kisha mkanda ukageuzwa.

Sturges aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya mwelekezi bora, uteuzi wake wa pekee maishani, lakini tuzo ikamwendea Delbert Mann kwa filamu ya Marty. Tracy naye alishindwa kuitwaa tuzo ya mwigizaji bora, iliyonyakuliwa na Ernest Borgnine kupitia Marty hiyo hiyo. Borgnine ndiye yule yule mbabe aliyeangushwa mkahawani na Tracy.

TOMBSTONE MARA MBILI

Pengine hakuna linalomweleza Sturges vizuri zaidi kuliko uamuzi wake wa kusimulia tukio moja la kihistoria mara mbili, katika muda wa miaka kumi.

Mnamo Oktoba 26, 1881, mjini Tombstone, Arizona, ndugu watatu wa Earp, yaani Virgil, Wyatt na Morgan, wakiandamana na Doc Holliday, daktari wa meno aliyegeuka mcheza kamari, walikabiliana kwa bastola na kundi la akina Clanton na McLaury. Makabiliano yenyewe yalidumu takriban nusu dakika, na yalitokea katika kiwanja chembamba karibu na zizi la farasi la O.K., wala si zizini. Watu watatu waliuawa: Billy Clanton na ndugu wawili wa McLaury. Ike Clanton, aliyekuwa kiini cha uhasama huo, alitoroka.

Katika Gunfight at the O.K. Corral (1957), Burt Lancaster aliigiza kama Wyatt Earp na Kirk Douglas kama Holliday. Hapo tukio la zizini ndilo kilele. Saa mbili za hadithi zinaelekea huko, zikisindikizwa na wimbo wa Dimitri Tiomkin ulioimbwa na Frankie Laine. Nusu dakika ya kihistoria inageuzwa kuwa vita vya dakika kadhaa, na Ike Clanton ni miongoni mwa wanaoanguka. Wema wanashinda, na Earp anaondoka mjini akiwa ameyaweka kando mambo ya bunduki. Filamu hiyo ilipendwa mno na kumletea Sturges heshima ya kibiashara.

Mnamo 1967 aliirudia hadithi hiyo katika Hour of the Gun, safari hii James Garner akiwa Earp, Jason Robards akiwa Holliday na Robert Ryan akiwa Ike Clanton. Filamu inafunguka kwa tangazo kwamba hivyo ndivyo mambo yalivyotokea. Kisha, katika dakika za kwanza kabisa, makabiliano ya zizini yanatokea na kumalizika. Kilichokuwa kilele sasa kimekuwa dibaji.

Kwa kuhamisha tukio hilo moja kutoka mwisho hadi mwanzo, Sturges alibadilisha maana yote. Yanayofuata ni kesi mahakamani, kisha kisasi. Virgil anapigwa risasi na kulemazwa, Morgan anauawa, mambo ambayo kweli yalitokea Desemba 1881 na Machi 1882. Wyatt anawafuata washukiwa akiwa na hati za kuwakamata mfukoni, lakini kadiri anavyoendelea ndivyo hati hizo zinavyofanana na vibali vya kuua. Anayemkanya ni Holliday, mlevi na mgonjwa wa kifua kikuu asiyejulikana kwa uadilifu, anayetambua kwamba rafiki yake anaivunja sheria ambayo aliishi kwa ajili yake.

Lancaster wa 1957 alikuwa shujaa. Garner wa 1967 ni mtu baridi anayejidanganya. Watu ni wale wale, mji ni ule ule, risasi ni zile zile. Kilichobadilika ni mahali mkasi ulipokata.

Haki inahitaji isemwe kwamba hata filamu ya pili, pamoja na tangazo lake, haikuwa kweli tupu. Inamwonyesha Earp akimuua Ike Clanton nchini Mexico, ilhali Ike halisi aliuawa mnamo 1887 na mlinda sheria mwingine, Earp akiwa hayupo. Sturges alikuwa ameusogeza mpaka wa hadithi karibu zaidi na ukweli, lakini bado alihitaji mwisho, na historia haikuwa imempa. Watazamaji wa 1967 hawakuichangamkia filamu hiyo. Wahakiki wa miaka ya baadaye wameitendea wema zaidi.

SABA DHIDI YA WENGI

Kati ya filamu hizo mbili ndipo ilipokuja The Magnificent Seven (1960). Chimbuko lake lilikuwa Seven Samurai, filamu ya mwelekezi Mjapani Akira Kurosawa ya 1954. Wazo lilikuwa kuwahamisha mashujaa wa Japani ya kale hadi mpakani mwa Marekani na Mexico, panga zigeuke bastola.

Filamu ya Kurosawa inachukua dakika 207. Ya Sturges ina dakika 128. Kuondoa saa moja na zaidi bila kuharibu jengo ni kazi ambayo ingewashinda wengi. Wapiganaji saba lazima watambulishwe mmoja mmoja, na kila mmoja apewe jambo la kukumbukwa kwa dakika chache: James Coburn, asiyesema sana, anajulikana kwa kisu kimoja kinachorushwa, Charles Bronson anaonekana akipasua kuni ili apate chakula, Robert Vaughn amevaa glavu za kifahari na kuficha hofu yake. Brynner na McQueen wanatambulishwa wakiendesha gari la kubebea maiti hadi makaburini, kwa sababu baadhi ya watu mjini wanapinga mwenyeji asilia wa Marekani kuzikwa humo. Ndani ya tukio hilo moja mtazamaji ameshaelewa ni watu wa namna gani.

Filamu ilipigwa nchini Mexico, na mambo hayakuwa laini. Waigizaji walitafutwa kwa haraka kwa sababu mgomo wa chama chao ulikuwa ukinukia. Maafisa wa Mexico walisimamia kwa makini jinsi watu wao walivyoonyeshwa, na ndiyo sababu wakulima wa kijijini huonekana wamevaa mavazi meupe yasiyo na doa hata baada ya kazi ya shamba. McQueen, akitaka kuonekana zaidi ya Brynner, alitafuta kila mara jambo dogo la kufanya nyuma yake: kugusa kofia, kutikisa risasi sikioni. Badala ya kuupuuza ushindani huo, filamu iliutumia.

Muziki wa Elmer Bernstein uliukamilisha mwendo wa filamu. Mara nyingi farasi wanakwenda polepole huku ala zikikimbia, na mtazamaji huhisi kasi ambayo macho hayajaiona. Muziki huo uliteuliwa kuwania Oscar na baadaye ukatumika hata katika matangazo ya sigara.

Nchini Marekani filamu haikufanya vizuri mwanzoni. Ilipata umaarufu Ulaya kwanza, na jina lake likakua kadiri miaka ilivyopita. Inaelezwa kwamba Kurosawa mwenyewe alimtumia Sturges upanga kama ishara ya heshima. Mwishoni, wanne kati ya saba wamekufa, mmoja anabaki kijijini kwa ajili ya mapenzi, na wawili wanaondoka wakikiri kwamba washindi ni wakulima. Wenye bunduki hawajapata chochote. Hitimisho hilo lilitoka kwa Kurosawa, na Sturges alikuwa na busara ya kutolikata.

Ushirikiano wake na mhariri Ferris Webster ulikuwa nguzo ya kipindi hiki. Webster alihariri The Magnificent Seven, Hour of the Gun na pia The Great Escape (1963), filamu ya wafungwa wa kivita wanaochimba njia ya chini kutoroka kambi ya Wajerumani. Hiyo ya mwisho, ingawa si ya kauboi, ilimpa Webster uteuzi wa Oscar na kumfanya McQueen nyota wa dunia.

JUA LINAPOZAMA

Mafanikio yalileta bajeti kubwa, na bajeti kubwa haikumfaa Sturges kila mara. The Hallelujah Trail (1965), kichekesho cha kauboi kuhusu shehena ya pombe, ilikuwa ndefu na nzito, kinyume kabisa na wepesi wa Black Rock. Mwigizaji mmoja wa matukio ya hatari alipoteza maisha wakati wa upigaji picha, na watazamaji hawakuvutiwa.

Mnamo 1970 aliacha kuelekeza Le Mans, filamu ya mbio za magari ya McQueen, baada ya kutoelewana na nyota huyo, kazi ikiendelea bila mswada uliokamilika. Mwelekezi mwingine aliimalizia.

Alirudi kwa kauboi kupitia Joe Kidd (1972), Clint Eastwood akiigiza mswada wa mwandishi Elmore Leonard kuhusu mzozo wa ardhi kati ya tajiri Mmarekani na wakulima wenye asili ya Mexico. Hapo garimoshi linavunja ukuta na kuingia katika baa, tukio linalokumbukwa kuliko filamu yenyewe. Chino (1973), iliyopigwa Uhispania na kumshirikisha Bronson, ndiyo iliyofunga orodha. Kufikia hapo Waitaliano, wakiongozwa na Sergio Leone, na Mmarekani Sam Peckinpah walikuwa wamebadilisha sura ya filamu hizo kwa ukatili wa wazi ambao haukuwa desturi ya Sturges.

Filamu yake ya mwisho ilikuwa The Eagle Has Landed (1976), kisa cha vita kilichotengenezwa Uingereza. Mwigizaji Michael Caine ameandika katika tawasifu yake kwamba Sturges alimweleza kuwa sasa alifanya kazi ili apate fedha za kwenda kuvua samaki, na kwamba upigaji picha ulipokamilika aliondoka asirudi kwa shughuli ya uhariri. Kazi hiyo ilibaki mikononi mwa Anne V. Coates, mhariri aliyekuwa ameshinda Oscar kwa Lawrence of Arabia (1962).

Kwa Caine lilikuwa kosa kubwa, na pengine alikuwa na haki. Mtu aliyeanza safari yake kwenye meza ya uhariri aliimaliza kwa kuipa kisogo meza hiyo hiyo. Sturges aliishi miaka mingine 16 bila kuelekeza tena. Alifariki Agosti 18, 1992, huko San Luis Obispo, California, akiwa na umri wa miaka 82. Mwaka huo huo alitunukiwa tuzo ya Golden Boot, iliyokuwa ikitolewa kwa waliotoa mchango katika filamu za kauboi.

URITHI

Maktaba ya Bunge la Marekani huchagua kila mwaka filamu za kuhifadhiwa kwa sababu ya umuhimu wake kwa utamaduni wa nchi hiyo. The Magnificent Seven iliingia katika orodha hiyo mnamo 2013, na Bad Day at Black Rock ikafuata mnamo 2018. Wapiganaji saba walizaa filamu tatu za kuendeleza kisa kati ya 1966 na 1972, mfululizo wa televisheni kuanzia 1998, na toleo jipya la 2016 la mwelekezi Antoine Fuqua, Denzel Washington akiwa kiongozi wao.

Ferris Webster naye alisonga mbele. Baada ya Joe Kidd alikuwa mhariri wa filamu nyingi za Clint Eastwood, zikiwemo High Plains Drifter (1973) na The Outlaw Josey Wales (1976). Kwa njia hiyo ufundi wa chumba chenye kiza ulivuka kutoka kizazi kimoja cha filamu za kauboi hadi kingine, bila wengi kugundua.

Sturges hakuwa na falsafa aliyoitangaza, na hakujiita msanii. Kazi yake haina alama kubwa za kumtambulisha, kama zilivyo zile za John Ford au Leone. Alama yake ni ile ya mhariri: tukio lililoanza mahali panapofaa na kukoma kabla halijachosha, mtu aliyenyamaza kwa muda unaotosha, na kaburi lisiloonyeshwa ambalo kila mtu anajua lilipo.

FILAMU ZAKE KUU ZA KAUBOI

1949: The Walking Hills
1953: Escape from Fort Bravo
1955: Bad Day at Black Rock
1956: Backlash
1957: Gunfight at the O.K. Corral
1958: The Law and Jake Wade
1959: Last Train from Gun Hill
1960: The Magnificent Seven
1962: Sergeants 3
1965: The Hallelujah Trail
1967: Hour of the Gun
1972: Joe Kidd
1973: Chino